Staa 'aliyefufua' bao Mbozi Mission arudishe kwanza bao la babu wa watu!

Ile klipu mmeiona, wadau. Jamaa kavaa suti ya kitenge iliyomkaa vizuri, miwani myeusi, kakaa chini ya mti kule Mbozi Mission, mbele yake bao la mninga linalong'aa kwa kushikwa na mikono ya watu miaka nenda miaka rudi. Nyuma yake wazee wanne wanacheka. Chini kaandika: "Nimeamua kuufufua mchezo wa mababu uliokufa." Laiki zikashuka kama mvua ya masika, komenti za "umetisha kaka" zikajaa, na kabla hata mwezi haujaisha tayari kapata dili la udhamini.

Jina lake halitajwi hapa. Wanaojua wanajua, na wasiojua hawapungukiwi na kitu, maana wa aina yake ni wengi. Desemba ijayo mwingine atarudi kwao kula sikukuu, atakuta wazee wanacheza, atatoa simu, na mchezo utakuwa umefufuliwa kwa mara nyingine tena. Ishu hapa ni kile kilichofanyika, na kitu cha mtu ambacho mpaka leo hakijarudi.

Lakini kwanza rudi kwenye ile klipu. Isimamishe pale mwanzo, angalia alivyokaa. Kakaa upande mfupi wa bao, kama baba mwenye nyumba anayekula kwenye kichwa cha meza. Mtoto yeyote wa Mbozi aliyewahi kusogelea kijiwe anajua bao halichezwi hivyo. Bao lina mistari minne, kila mstari una mashimo manane. Wachezaji wanakaa kwenye pande ndefu, wanatazamana, na kila mmoja anamiliki mistari miwili iliyo mbele yake. Ukikaa kule alikokaa staa, huna upande. Wewe ni mtazamaji uliyekaa vibaya.

Halafu msikilize anavyotamba: eti kamla babu kete zote na kuzitoa nje. Hiyo ni drafti, kaka. Kwenye bao kete hazitoki. Ni 64 mwanzo wa mchezo na ni 64 mwisho wake. Ukila za mwenzako, unazichukua na kuzisambaza upande wako, moja moja, shimo kwa shimo, na usipokuwa makini dakika mbili baadaye anazirudisha kwake zote pamoja na zako. Katika bao la kiswahili kila mchezaji anaanza na kete 10 tu ubaoni, 6 kwenye nyumba na mbili mbili kwenye mashimo mawili ya jirani. Zile 22 zinazobaki anazishika mkononi na kuzinamua moja moja. Zikiisha ndipo unaanza mtaji wenyewe, na hapo ndipo wanaume wazima huanza kutokwa jasho. Anayejifunza anaanzia bao la kujifunza, kete mbili kila shimo, bila kunamua.

Hakuna anayemcheka mtu kwa kutojua. Kila bingwa aliwahi kuwa mjinga wa bao, akafungwa mkononi, yaani kabla hata kete zake za kunamua hazijaisha, akarudi nyumbani kanuna. Tatizo ni mtu asiyejua hata pa kukaa kujitangaza kwamba ndiye mfufuaji. Daktari gani huyo anatangaza kafufua maiti wakati mgonjwa amekaa kitandani anakunywa uji?

MCHEZO ULIOKUFA? NANI KASEMA?

Bao pale Mbozi Mission halijawahi kulazwa, sembuse kufa. Watu wanatoka shambani, wanapita kuwajulia hali wagonjwa wao pale hospitali ya mission, jua likipoa wanakaa. Msimu wa kuchuma kahawa ukiisha, kijiwe kinajaa mpaka watazamaji wanasimama. Shuka Mlowo, nenda Vwawa, fika mpaka Tunduma ambako madereva wa malori wanasubiri kuvuka kwenda Zambia. Utakuta drafti la vizibo vya soda kila kona, ni kweli, vijana wengi wako huko. Lakini bao nalo lipo, limekaa kivulini kwake, halijamwomba mtu kiki.

Tena bao lina ukoo mkubwa kuliko mastaa wote wa mjini. Ng'ambo ya Tunduma, Wazambia wana nsolo. Ng'ambo ya mto Songwe, Wamalawi wanaita bawo. Wasukuma wana isolo, Waganda wana omweso, Wanyarwanda wana igisoro. Sheria zinatofautiana, damu ni moja. Pale Hyrax Hill karibu na Nakuru, Kenya, kuna mashimo ya bao yaliyochongwa kwenye mwamba. Kwenye mwamba, jamani! Watu walitaka kucheza mpaka wakatoboa jiwe.

Mwalimu Nyerere alikuwa mpenzi wa bao, na picha zake akiwa ameinamia kete zipo. Mwaka 1995 Mholanzi mmoja, Alexander de Voogt, alikabidhi Chuo Kikuu cha Leiden tasnifu nzima kuhusu ubingwa wa bao, baada ya kukaa na mabingwa wa Zanzibar na kuchunguza vichwa vyao vinavyofanya kazi. Mzungu kavuka bahari kuja kukaa chini na kuuliza. Wewe unatoka Dar kwa basi la siku moja unakuja kutangaza msiba.

Na mwaka 2020 UNESCO iliingiza kwenye orodha yake ya urithi wa dunia usioshikika michezo ya ukoo huohuo wa mashimo na kete, ile ya Kazakhstan, Kirigizistani na Uturuki. Wenzetu wamekaa, wameandika, wamepeleka. Huku anayetambulika ni aliyepiga picha.

MTUMISHI AKICHEZA NI MICHEZO, MKULIMA AKICHEZA NI UVIVU

Hapa ndipo unafiki ulipo, na si wa staa peke yake. Kwa miaka mingi mtu akionekana kwenye bao saa tisa alasiri anaitwa mzembe. "Wazee wa kijiweni, hawana kazi." Viongozi wanapita na magari wanakemea. Wake zao wanasimangwa na majirani. Vijana wanaambiwa wasikae pale, watarithi uvivu.

Sasa nenda kaangalie SHIMIWI, ile michezo ya watumishi wa wizara na idara za serikali. Bao lipo. Nenda kwenye michezo ya Mei Mosi. Bao lipo, pamoja na drafti na karata. Watu wanapewa jezi, wanapewa ruhusa kazini, wanasafirishwa, wanashindana, wanarudi na vikombe na picha ya pamoja na mgeni rasmi. Safi kabisa, na iendelee hivyo.

Ila jibuni swali moja: inakuwaje mchezo mmoja, kete zilezile 64, ukichezwa na ofisa wa wizara ni afya ya akili, na ukichezwa na mkulima wa kahawa aliyeamka saa kumi na moja alfajiri ni uvivu? Na inakuwaje uvivu huohuo ukivalishwa suti ya kitenge na miwani myeusi unageuka "utamaduni wetu"? Wazee wale walitukanwa miaka yote kwa kuulinda mchezo. Siku mchezo ulipoonekana una hela, akapewa sifa mtu ambaye hajawahi hata kutukanwa nao.

SASA NJOONI KWENYE BAO LENYEWE

Kisa hiki kijiweni kila mtu anakijua, na hakuna anayekificha. Desemba ile jamaa alipokuja kula sikukuu, alimfuata mzee mmoja jioni, mwenye lile bao linaloonekana kwenye klipu. Alikwenda kwa adabu zote. "Shikamoo babu." "Marahaba, mjukuu wangu." Wakaongea habari za nyumbani, habari za mvua, kisha akatoa shida yake: naomba bao kwa siku mbili tu, nikapigie picha vizuri, nitalirudisha mwenyewe kwa mkono wangu.

Bao lile mzee alilirithi kwa baba yake. Gogo moja la mninga, limechongwa kwa tezo, nyumba zake za mraba zimelainika kwa vidole vya vizazi viwili. Kete zake ni komwe zilizotoka pwani, zimehesabiwa, zimefungwa kwenye mfuko wa kitambaa. Mzee alitoa vyote. Hakuna karatasi, hakuna saini. Mtu anayekuita babu unamdaije saini?

Siku mbili zikawa wiki. Wiki zikawa miezi. Simu ikipigwa, haipokelewi, au anapokea kijana mwingine anasema "bosi yuko kwenye kikao". Mwezi Aprili dogo mmoja wa bodaboda, anayefuatilia mambo ya mjini kwenye simu yake, akasimamisha pikipiki kijiweni na kumwonyesha mzee picha. Bao lake liko Dar es Salaam, kwenye kiota kimoja cha starehe, limelazwa juu ya kaunta chini ya taa ya bluu. Kwenye mashimo wamejaza njugu za wateja na vijishumaa vidogo.

Mzee aliishika ile simu kwa muda. Kisha akauliza kitu kimoja: "Na kete zimewekwa wapi?"

Dogo hakuwa na jibu. Mpaka leo hakuna aliyelipata.

Mbozi inajulikana nchi nzima kwa kimondo chake, lile dude la chuma lenye uzito wa zaidi ya tani 10 pale Marengi. Staa alipiga picha napo siku hiyohiyo. Utani wa kijiweni ni kwamba kimondo kilipona kwa sababu hakiazimiki. Kingekuwa na uzito wa bao, leo kingekuwa kinashikilia mlango wa kiota kule Dar.

Na sasa, kwa sababu ya huo "ufufuo", watoto waliokuwa wakijifunza kwenye bao la mzee wamechimba mashimo 32 ardhini, chini ya mti uleule. Wanacheza kwa kokoto. Si vibaya, ndivyo wengi walivyoanza. Lakini mvua ikinyesha bao linajaa maji, wanachota matope na kuanza upya. Mchezo uliofufuliwa mjini umerudishwa kwenye udongo nyumbani kwake.

USIKU WA BAO, MDHAMINI KAMPUNI YA KUBETI

Kama hiyo haitoshi, likaja tangazo. "Usiku wa Bao." Kiingilio, meza za VIP, DJ, mavazi ya asili. Bei ya meza moja inanunua mfuko wa mbolea na chenji inabaki. Na mdhamini mkuu? Kampuni moja ya kubeti.

Hapo ndipo mtu mwenye akili timamu anatakiwa apige breki. Kubeti kuna sheria yake tangu 2003, kuna bodi yake, kuna maduka yake barabarani, kuna matangazo redioni asubuhi mpaka usiku. Kijana wa Mlowo anauza debe la mahindi, anaweka mkeka, mkeka unachanika kwa goli la dakika za majeruhi, kesho anakopa. Kila mtu anayesoma hapa anamjua mmoja. Wengine ndio wao wenyewe.

Bao ni kinyume cha hicho kitu kwa kila namna. Bao halina dadu. Halina karata iliyofichwa. Halina mchezaji wa Ulaya ambaye hujawahi kumwona anayeshikilia ada ya mdogo wako. Kete zote ziko wazi mbele ya macho ya wote, na hata za mkononi zinahesabika. Ukifungwa, umefungwa na mtu aliyekaa mbele yako, kwa hesabu ambazo na wewe ungeweza kuzipiga. Unanyanyuka na aibu yako ndogo na akili kubwa kidogo kuliko uliyokuja nayo, na mfukoni hela yako ipo. Hilo ndilo jambo wazee wa kijiweni wangeweza kumfundisha kijana wa mkeka: kushindwa bila kuuza kitanda.

Sasa unachukua mchezo huo, unaubandika nembo ya kubeti, halafu unawaambia vijana "rudini kwenye asili". Asili gani? Bao ndiyo chambo, mkeka ndiyo ndoano.

"LAKINI SI AMEWAPA PROMO?"

Utetezi wa mashabiki wake unajulikana. Eti bila yeye nani angejua kuna bao Mbozi Mission? Eti wazee wamepata umaarufu. Eti wivu tu, chuki za Wabongo.

Haya, yapimwe. Promo imemfikishia mzee nini? Hakuna hata mmoja wa wale wanne aliyetajwa jina kwenye klipu. Hakuna aliyelipwa nauli kuja kwenye huo usiku kufundisha. Waliofundisha usiku ule, kwa mujibu wa video walizorusha wenyewe, ni warembo wawili waliokuwa wakihamisha kete kama wanachambua mchele. Maelfu waliona klipu, kweli. Wangapi walitoka pale wanajua kunamua? Kuonekana si kujulikana, na kujulikana si kuchezwa. Mchezo unaishi kwa watu wawili kukaa chini. Basi.

Kuna hoja yao moja, hata hivyo, ina ukweli na lazima ikubaliwe. Baada ya ile klipu, vijana kadhaa walipita kijiweni kuuliza "hivi hili linachezwaje?" Ni kweli, hamu iliamka. Ndiyo maana wizi wa lile bao unauma zaidi: vijana wamekuja na hamu, wamekuta mashimo ya matope.

NA WAZEE NAO WAAMBIWE

Isionekane kwamba wazee ni malaika. Kijiwe cha bao kina ubinafsi wake. Kuna mabingwa wanaocheza harakaharaka makusudi ili mwanafunzi asione mkono ulivyopita. Ukiuliza unaambiwa "angalia tu". Unaangalia mwaka mzima. Mzee anazeeka na ujanja wake kifuani, siku ya mazishi watu wanasema "alikuwa bingwa", na ubingwa unashuka naye kaburini.

Na wasichana? Hapo ndiyo balaa. Kuna binti wa kidato cha pili pale Mission ambaye hupita kila jioni kutoka shule, anasimama nyuma ya benchi la watazamaji na daftari lake kifuani. Hajawahi kukaribishwa kukaa. Wanasema kijiwe si mahali pa binti. Lakini siku moja wazee wawili walibishana kuhusu takata, nani kapeleka kete upande gani, na yule binti akataja kete zilizokuwa kwenye kila shimo mikono mitatu nyuma. Zikahesabiwa. Alikuwa sahihi. Wazee wakacheka, wakasema "huyu mtoto ana kichwa", na mchezo ukaendelea bila yeye.

Kama kuna kitu kinaua bao, ni hicho. Staa anaiba ubao, lakini kijiwe kinachofukuza kichwa kama kile kinajiibia chenyewe.

UFUFUO WA KWELI HAUNA TAA ZA BLUU

Anayetaka kweli kulipa bao nguvu mpya haitaji hata shilingi ya kampuni ya kubeti. Fundi seremala yupo Mlowo, yupo Vwawa, anaweza kuchonga. Mabao mawili ya shule, kokoto za bure, mzee mmoja kila Ijumaa jioni anayekubali kucheza polepole na kueleza kila mkono kwa sauti, na benchi ambalo binti anakalia kama mtu mwingine yeyote. Klipu zipigwe pia, nani kakataa? Zipigwe za mzee akieleza nyumba ni nini, kwa nini kichwa na kimbi ni mashimo ya kuogopwa, lini utakate na lini uvumilie. Jina lake liandikwe chini. Hiyo ndiyo promo.

Na wewe unayesoma, uliyepiga laiki ile klipu: unajua kucheza? Babu yako, mjomba wako, au yule mlinzi wa getini kwenu anajua. Umewahi kumuuliza?

Kwa staa mwenyewe, madai ni mafupi. Bao la mninga lirudi Mbozi Mission. Likoshwe mafuta ya njugu na nta ya mishumaa. Komwe zote 64 zirudi kwenye mfuko wake, na zikipungua aseme zilikopotea. Asitume na basi, asitume na kijana wa ofisi. Alilichukua kwa shikamoo ya mkono, alirudishe kwa shikamoo ya mkono.

Na akifika asikimbie. Akae upande mrefu, apange 6 kwenye nyumba na mbili mbili pembeni, ashike 22 zake. Wa kumfunga yupo tayari, anatoka shule saa tisa na nusu, ana daftari kifuani.